Makabidhiano ya Kreti na Mkono

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, katika ghala dogo la asali lililo nyuma ya stesheni ya reli hapa Tabora, mkono wa roboti tulioufunga juu ya meza ulishuka ndani ya kreti, ukanyonya hewa tupu, ukapanda, ukageuka, ukaweka juu ya mkanda chupa ambayo haikuwepo. Ulirudia mara mbili kabla mpwa wangu hajabonyeza kitufe chekundu. Kompyuta ilisema kreti ile ina chupa 12, na ndani mlikuwa na 10. Mbili zilichukuliwa jioni ya jana yake kwa ajili ya mgeni, na aliyezichukua aliandika kwa uaminifu katika daftari la mlangoni, kama anavyofanya siku zote. Lakini daftari la mlangoni lilikuwa mlangoni, na kompyuta ilikuwa mezani, na hapakuwa na mtu wala waya uliounganisha viwili hivyo.

"Mjomba, mkono haujakosea," mpwa wangu aliniambia. "Umekwenda pale pale ulipotumwa."

Nimekuwa mtunza ghala kwa miaka 16. Nimepokea mbolea, mbegu, marobota ya tumbaku kutoka Urambo na madumu ya asali kutoka Sikonge, na katika miaka yote hiyo neno lililoniumiza kichwa kuliko yote ni makabidhiano. Mzigo ukiwa mikononi mwangu najua ni wangu. Ukiwa mikononi mwa dereva najua ni wake. Hasara hutokea katikati, katika zile dakika chache ambazo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeutazama. Mpwa wangu alipomaliza masomo yake ya uhandisi na kuja na wazo la kuunganisha mkono mdogo wa mezani na rafu inayojiendesha, nilidhani tatizo letu lingekuwa mkono wenyewe: kwamba ungeangusha chupa, au ungekuwa mzito wa kuelewa. Sikutarajia kwamba ningerudi kwenye neno lile lile la makabidhiano, tena kwa namna ngumu zaidi, kwa sababu mashine hazina ile busara ya mtu anayesimama na kuuliza, "Ndugu, mbona chupa hazijatimia?"

Niseme kwanza tulichonacho, ili msomaji asifikirie kiwanda kikubwa. Rafu yetu ni ya chuma, imechomelewa na fundi wa hapa mjini, ina nafasi 40 za kreti. Kigari kinachopanda na kushuka kwa mota huichomoa kreti inayotakiwa, huileta mbele ya meza, na baadaye huirudisha. Mkono hushika kwa kikombe cha kunyonya hewa, na una uwezo wa kuinua kilo 1 tu, nasi tunauinulisha chupa za plastiki za nusu kilo, ambazo zikijazwa hufika gramu 550 hivi. Ni jaribio, na ni jaribio dogo. Hata hivyo, kila tatizo tulilokutana nalo ni lile lile linalowakuta wenye maghala ya kreti elfu nyingi. Kwetu limepungua ukubwa tu.

Mashine hizi mbili zilikua kila moja upande wake. Mkono wa kwanza wa roboti kufanya kazi kiwandani, ulioitwa Unimate, uliwekwa mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, na kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vya chuma vya moto kutoka kwenye mashine ya kusubu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 yalianza kujengwa maghala marefu ambamo winchi inayokwenda kwenye reli hupandisha na kuteremsha paleti bila dereva. Kwa miongo mingi ghala liliachiwa kazi ya kusogeza masanduku mazima, na mkono uliachiwa kazi ya kurudia mwendo ule ule mbele ya kitu kile kile. Kazi iliyobaki katikati, ya kuchagua kitu kimoja kutoka ndani ya sanduku lenye vitu vingi, ilibaki kuwa ya binadamu. Hata Amazon ilipoinunua kampuni ya Kiva Systems mwaka 2012 kwa dola milioni 775, roboti zile fupi zilibeba rafu nzima na kuipeleka mbele ya mtu, na mtu ndiye aliyenyoosha mkono.

Kwamba sehemu hiyo ya katikati ni ngumu kulionekana wazi katika mashindano ambayo Amazon yenyewe iliyaandaa kwa miaka 3, kuanzia Seattle mwaka 2015, yakaenda Leipzig mwaka 2016 na kuishia Nagoya mwaka 2017. Vyuo vikuu vyenye wataalamu wakubwa vilileta roboti zao kuchagua vitu vya kawaida vya nyumbani kutoka kwenye rafu, na nyingi zilikwama. Kinachonivutia zaidi ni mshindi wa Nagoya, roboti ya Waaustralia iliyoitwa Cartman, ambayo haikufanana na mkono wa mtu hata kidogo. Ilining'inia kwenye fremu na kusogea kwa mistari iliyonyooka: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Mpwa wangu hunikumbusha habari hiyo kila ninapotamani mkono mrefu wenye viungo 6. Kreti hufunguka juu, na kazi kubwa ni kushuka wima na kupanda wima. Viungo vya ziada vinaongeza gharama na nafasi za kugonga.

Sasa nirudi kwenye makabidhiano, kwa sababu huko ndiko tulikopoteza miezi.

Jambo la kwanza ni mahali. Rafu huijua kreti kwa namba ya nafasi: nafasi ya 14, nafasi ya 27. Mkono haujui nafasi ya 14 ni nini. Wenyewe hupima milimita kutoka kwenye kitako chake. Kila mashine ina sifuri yake, na kuziunganisha ni kuzifundisha zikubaliane sifuri moja. Tulifanya hivyo kwa kuweka kibao chenye alama mahali kreti inaposimama, kuugusisha mkono kwenye pembe 4 za kibao, na kuandika vipimo. Siku ya kwanza kila kitu kilikwenda sawasawa. Baada ya wiki 2 mkono ulianza kugonga shingo za chupa badala ya vifuniko, na tukagundua kwamba magurudumu ya kigari yamelegea na kreti inasimama milimita 6 kando ya mahali ilipokuwa inasimama. Dawa haikuwa kupima upya kila wiki, kwa maana hiyo ni kazi isiyo na mwisho. Tulichomelea vizuizi 2 vya chuma vyenye umbo la kabari mbele ya meza, ili kreti yenyewe ijisukume mahali pake hata kama kigari kimeileta imepinda kidogo. Katika maghala makubwa wanaongeza kamera ili mkono uone kabla ya kushuka, na wana sababu nzuri: rafu ya chuma yenye urefu wa mita 20 hurefuka kwa karibu milimita 5 joto likipanda kwa nyuzi 20, na mtu yeyote aliyekaa chini ya bati la Tabora mwezi wa Oktoba, tangu alfajiri hadi saa 8 mchana, anajua kwamba nyuzi hizo si nyingi.

Jambo la pili ni zamu, na hapa ndipo tulipovunja kitu. Rafu na mkono huongea kwa ishara chache: kreti imefika na breki imekamata, mkono unaingia, mkono umetoka, kreti iondolewe. Tulivyoandika programu mara ya kwanza, mkono ulitoa ishara ya "nimemaliza" pale ulipokamata chupa ya mwisho, badala ya pale ulipokuwa umeshatoka juu ya ukingo wa kreti. Kwa siku kadhaa haikuleta shida, kwa kuwa kigari kilikuwa kizito kuanza mwendo. Kisha tukakipaka grisi. Kigari kikachomoka upesi, kreti ikauvuta mkono ukiwa bado ndani, na kishikio cha kikombe cha kunyonyea kikakatika. Ilikuwa hasara yetu wenyewe, na niliumia kwa sababu ni kosa ambalo kama mtunza ghala nilipaswa kuliona: hakuna anayesaini hati ya kupokea wakati mzigo ungali begani mwa mpagazi.

Tangu siku hiyo tumeweka kanuni mbili. Kwanza, kila ishara hubeba namba ya kreti, ili mkono usije ukapokea "imefika" ya kreti iliyopita na kudhani ni ya hii. Pili, ukimya hauhesabiwi kuwa ni ruhusa. Kigari huruhusiwa kuondoka pale tu ambapo waya wa mkono unaleta umeme unaosema "nimetoka". Waya ukikatika, au panya akiutafuna, kigari hubaki kimesimama. Mafundi wa mitambo wanaijua kanuni hii tangu zamani, nami sasa naiona kuwa ndiyo adabu ya msingi kati ya mashine na mashine.

Jambo la tatu ni kasi. Kigari chetu huchukua sekunde 40 kurudisha kreti moja na kuleta nyingine. Mkono huchukua sekunde 8 kwa chupa. Mteja akitaka chupa moja moja kutoka kwenye kreti tofauti, yaani moja ya nyuki wakubwa, moja ya nyuki wadogo, moja ya kijiji hiki na moja ya kile, mkono hufanya kazi sekunde 8 na kusubiri 40. Akitaka kreti nzima ya chupa 12, mkono huchukua sekunde 96 na kigari ndicho kinachosubiri. Kununua mkono wa kasi zaidi kusingebadili chochote katika hali ile ya kwanza, ingawa ndicho kitu ambacho muuzaji yeyote angekuwa tayari kukuuzia. Tulichofanya ni kuongeza nafasi ya pili ya kusimamia kreti mbele ya meza, ili moja ishughulikiwe huku nyingine inakuja, na kukusanya maagizo ya asubuhi nzima kabla ya kuanza, ili kreti ikishatolewa itoe chupa zote zinazotakiwa siku hiyo. Mfumo wa AutoStore wa Norwei, ambao hupanga kreti moja juu ya nyingine bila njia katikati na kuziinua kwa roboti zinazotembea juu yake, unalitegemea sana jambo hili la kuchimbua kreti mapema kabla hazijahitajika, kwa kuwa kreti ya chini haifikiki mpaka zilizo juu yake zisogezwe.

Watu wanaotutembelea huuliza swali moja: je, mashine hii itabeba magunia? Ni swali la haki. Chupa ya nusu kilo haijawahi kumvunja mtu mgongo. Gunia la mahindi au la karanga limewavunja wengi, na ninawajua wazee wa mtaani kwangu ambao hawawezi kuinama kuvaa viatu kwa sababu ya ujana walioutumia kwenye mabehewa. Kama kuna kazi ambayo ningependa mkono wa roboti uichukue kesho, ni hiyo. Na kwa uzito peke yake inawezekana, kwani viwanda vya saruji na mbolea vimekuwa vikipanga mifuko ya kilo 50 kwa roboti kwa muda mrefu. Mifuko ile hufanana yote, hutoka kwenye mashine moja, na hulala juu ya mabomba yanayozunguka ili vidole vya chuma vipite chini yake.

Gunia letu ni habari nyingine. La katani hupitisha hewa, kwa hiyo kikombe cha kunyonya hakishiki kitu. Limeshonwa kwa mkono, kila mshonaji na mtindo wake. Na juu ya yote kuna lumbesa, gunia linalojazwa kupita ukingo wake. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na tumeizungumza miaka mingi kama dhuluma kwa mkulima, jambo ambalo ni kweli. Lakini ni vizuri kujua kwamba ni ukuta pia mbele ya mashine. Ghala linalojiendesha hupima urefu, upana na kimo cha kila mzigo mlangoni kabla ya kuupokea, kwa sababu kilichozidi ukingo kitagonga nguzo huko juu ambako hakuna mtu wa kukisukuma. Gunia lenye kilemba litarudishwa. Kwa maoni yangu, anayeota mkono wa roboti katika maghala ya mazao ya mkoa huu angeanza na mfuko wa kipimo kimoja, ulioshonwa kwa mashine, miaka kadhaa kabla ya kuulizia bei ya mkono.

Wala hilo si jambo geni katika nchi ya Unyamwezi. Misafara iliyopita hapa Unyanyembe katika karne ya 19 ilihesabu mzigo kwa frasila, takribani kilo 16, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilifungwa upya kufuata kipimo hicho kabla ya safari. Bega la mpagazi ndilo lililoweka kipimo, na bidhaa ikafuata. Hata neno lenyewe linanigusa: roboti limetoka katika Kicheki, ambako "robota" ni kazi ya shuruti, na sisi katika ghala la tumbaku tunaita robota mzigo uliofungwa vizuri tayari kwa safari. Kwa kazi ninayoizungumzia hapa, robota letu lina umuhimu kuliko lao.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisoma popote, mpwa wangu ndiye aliyelitambua alipokuwa akikokotoa vikombe vya kunyonya kwa ajili ya katoni. Kikombe hakivuti mzigo. Hewa ya nje ndiyo inayousukuma mzigo dhidi ya kikombe. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takribani sehemu moja ya nane ukilinganisha na pwani. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 5, pampu ikiondoa asilimia 60 ya hewa, hushikilia kilo 12 hivi Dar es Salaam na kilo 10 na nusu hapa, kabla hujagawanya kwa 2 au zaidi kwa ajili ya usalama wa mwendo. Jedwali la muuzaji lilikuwa limekokotolewa kwa usawa wa bahari. Kwa chupa zetu haikuathiri chochote, lakini katika hesabu za katoni tuliongeza idadi ya vikombe.

Umeme nitaugusia kwa kifupi. Mkono wenyewe ukikosa umeme hujifunga breki na kubaki ulivyo, kwani breki zake huachiwa kwa umeme na kukamata kwa springi. Kikombe hakina bahati hiyo: pampu ikizima, hewa huingia na chupa huanguka. Tumeweka tangi dogo na vali ya kuzuia hewa kurudi, ambavyo hutupa muda wa kuikinga chupa kwa viganja vyetu. Betri tumeziepuka kwa sasa, kwa sababu ninakumbuka habari za ghala la Ocado, kampuni inayouza vyakula mtandaoni, huko Andover, Uingereza, lililoteketea Februari 2019 kwa moto ulioanzia kwenye sehemu ya kuchajia roboti. Ghala lililobanwa kreti mpaka juu halina njia ya mzimamoto kupita, na nta na plastiki hazihitaji kubembelezwa ziwake.

Na watu je? Ghala letu lina wafanyakazi 5, na hakuna aliyeondolewa. Dada anayepokea asali mlangoni ndiye aliyekuwa na wasiwasi zaidi mwanzoni, na ndiye ambaye sasa mfumo mzima unamtegemea, kwa sababu namba ya toleo anayoibandika kwenye kila kreti ndiyo inayomwambia mnunuzi asali imetoka kijiji gani na imevunwa lini. Akikosea yeye, mkono utalikuza kosa lake mara 12 bila kusita. Nilimwomba mwenye ghala amwongezee mshahara kwa sababu hiyo, naye amekubali kulizungumzia baada ya msimu.

Daftari la mlangoni bado lipo. Sikutaka kuliondoa, kwa kuwa umeme ukikatika ndilo linalobaki. Tulichoongeza ni mizani chini ya mahali kreti inaposimama mbele ya mkono. Kompyuta inajua kreti tupu ina uzito gani na chupa moja ina uzito gani. Ikiletewa kreti ambayo uzito wake haulingani na hesabu iliyomo katika kompyuta, mkono haushuki, kreti husogezwa kando na taa ya njano huwaka mpaka mtu aje kuhesabu. Tumeweka pia kipimo cha nguvu ya kunyonya kwenye bomba la pampu, ili kikombe kikishika hewa tupu mkono ujue hapo hapo.

Jumatatu iliyopita tulizipitisha kreti zote 40 kwa mara ya kwanza juu ya mizani hiyo. Ilizikataa 3. Mbili zilikuwa na chupa pungufu, na tulizikuta chupa hizo zimeandikwa kwenye daftari. Ya tatu ilikuwa na chupa zake zote 12, tukahesabu mara mbili tukidhani mizani imeharibika, mpaka dada wa mlangoni alipoinua chupa moja moja na kuona moja imepasuka kitakoni. Asali ilikuwa imevuja kupitia matundu ya kreti mpaka kwenye reli ya kigari, na sisimizi walikuwa wameshajipanga mstari kutoka ukutani.

Tulisafisha reli kwa maji ya moto hadi saa 10 jioni.